Memphis: Elvis kapewa barabara, watangazaji je?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila matusi. Ukitaja Memphis, Tennessee, kila mtu anasema Elvis Presley, yule mwimbaji. Barabara ilipewa jina lake akiwa hai, sanamu yake ipo Beale Street, na nyumba yake ya Graceland inapokea watalii tangu 1982. Sina ugomvi na muziki wake, lakini kwangu mimi wa kutangulizwa pale ni Nat D. Williams.

Huyu alikuwa mwalimu mweusi wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington. Mwaka 1948 redio ya WDIA ilikuwa hoi kibiashara, wamiliki wake Wazungu wawili wakaona bora wabahatishe: wakamwita Nat D. akae kwenye maiki akishamaliza kufundisha. Wasikilizaji weusi wakafurika. Muda si mrefu WDIA ikawa redio ya kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa watu weusi, na mwaka 1954 ikaanza kurusha kwa wati 50,000, ikasikika hadi kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi. B.B. King, mwanamuziki wa blues, alitokea pale, akiimba matangazo ya dawa ya kuongeza nguvu. Watoto weusi wenye ulemavu walipokosa usafiri wa shule, mfuko wa hisani wa redio hiyo ndio uliowaletea basi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaonea mji wa watu. B.B. King ana barabara, Rufus Thomas naye anayo, na wote walikuwa watangazaji wa WDIA. Halafu Graceland ndiyo inayolisha mahoteli. Heshima haijazi chumba cha wageni.

Mleta mada: Hao walipewa barabara kwa kuimba, mkuu. Wangeishia kwenye maiki tu, sidhani kama ungewataja hapa.

Mchangiaji wa pili: Naongezea. Huyo Elvis mwenyewe alitolewa na mtangazaji! Julai 1954, Dewey Phillips wa redio ya WHBQ alirudia santuri ya Elvis usiku ule mpaka simu zikamiminika, akaagiza kijana aletwe studio. Akamuuliza alisoma shule gani. Akajibu Humes. Basi, mji mzima ukajua ni Mzungu, maana shule zilitengwa kwa rangi. Swali dogo, lakini limebeba Memphis yote ya wakati ule.

Mchangiaji wa tatu: Na Ida B. Wells, yule mwandishi wa habari mweusi, mnamweka wapi? Mwaka 1892 kundi la Wazungu liliua wanaume watatu weusi wa duka la People's Grocery. Yeye akaandika waziwazi katika gazeti lake, Free Speech, na kuwahimiza watu wake wahame. Alipokuwa safarini, ofisi ikavunjwavunjwa, akatishiwa kuuawa asirudi. Sanamu yake ilisimamishwa 2021! Nyie mnagombania watangazaji wa burudani.

Mleta mada: Dada Ida namtanguliza hata mbele ya Nat D., hapo sibishi. Ila "watangazaji wa burudani" nakataa. Kumpa mtu mweusi maiki Memphis ya 1948, tena mwalimu, halikuwa jambo la burudani. Na wewe wa mahoteli, hujanijibu: Dewey asingeirudia ile santuri, leo ungekuwa unazungumzia vyumba vya nani?