Nikimfundisha kila kitu, nafasi si itamwendea yeye?

binti_utaani

Assalamu aleikum wanajukwaa. Naombeni ushauri, khasa kwa watu wa maabara, au yeyote aliyewahi kuwa na mtu chini yake.

Mimi mzaliwa wa Wete, nna stashahada ya maabara, na huu mwaka wa tatu nafanya kazi ya mkataba kwenye hospitali moja ya wilaya huku Unguja. Mkataba unasainiwa upya kila mwaka, na kila mwaka roho yangu iko juu. Tunasikia nafasi ya kudumu itatangazwa, moja tu.

Mwezi uliopita nikaletewa kijana wa mafunzo kwa vitendo, mtu wa Micheweni. Mwepesi, ana adabu, ananifuata na daftari lake, "dada hii kwa nini, dada na hii". Jana kasoma slaidi kumi za malaria, vile vioo vya damu vya kuangalia kwenye darubini, tisa kapatia sawa na mimi. Nilifurahi, halafu usiku usingizi ukanipotea. Nikimpa kila nnachokijua, nafasi ikitangazwa si atakuja kushindana na mimi kwa ujuzi nliompa mwenyewe? Mama ananitegemea, na wadogo zangu wawili wako skuli. Na nikimficha naona namdhulumu, maana na mimi kuna mtu alinifunza.

malindi_kwetu

Mdogo wangu, mfundishe kazi za kila siku, yale ya ndani baki nayo. Mimi niko bandarini mwaka wa kumi na moja. Nilimfundisha mtu kujaza makaratasi ya forodha hajui hata pa kuanzia, leo yeye ndiye anayenisainia ruhusa. Sikwambii uwe na roho mbaya. Nakwambia nafasi ni moja na nyinyi mko wawili.

mama_wawi

Waaleikum salaam mwanangu. Ndugu wa Malindi yaliyomkuta yanauma, simlaumu. Lakini mimi nilifanya vile vile anavyokushauri, nikabaki na "yale ya ndani", na sijawahi kumsimulia mtu. Leo nakusimulia wewe.

Nilianza maabara Pemba mwaka 1998, kuosha slaidi na kupokea vikopo vya choo. Sikuwa na cheti zaidi ya kidato cha nne. Mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinikalisha kwenye darubini kila siku baada ya sala ya adhuhuri, mpaka nikawa nalitambua yai la kichocho cha mkojo kwa ule mwiba wake wa mwisho hata mwanga ukiwa hafifu. Akanifunza na jambo ambalo wengi walilipuuza. Ukitayarisha choo kwa kibati chenye tundu na selofeni, ile karatasi nyembamba inayoonyesha, iliyolowekwa glisirini, mayai ya minyoo ya safura hayakungoji. Uyasome ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja. Ukichelewa, glisirini inayafanya maangavu mpaka huyaoni tena. Ya minyoo mikubwa utayakuta, ya mjeledi utayakuta, ya safura yamepotea, na wewe unaandika sifuri ukiamini ni sifuri kweli.

Mwaka wa tano akaletwa mwenzangu, mwanamme, ana cheti. Nilikiogopa hicho cheti. Nikamwonyesha kila kitu isipokuwa hilo la saa. Alikuwa akitayarisha slaidi zake zote asubuhi, anakwenda kunywa chai, anazisoma saa tano. Safura haoni. Kwangu zinaonekana. Msimamizi akalinganisha madaftari yetu mawili, akaamua kuwa yule hajui kazi, akamhamishia stoo ya dawa. Nilinyamaza. Na wapo watoto waliorudi kwao na karatasi ya sifuri huku minyoo inawanyonya damu, kwa sababu mimi niliufumba mdomo wangu. Hilo nitaulizwa.

Sasa sikiliza lililofuata. Mwaka 2004 nikakubaliwa kusoma Chuo cha Afya Mbweni, hicho ambacho siku hizi kiko chini ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Nikapeleka barua kuomba ruhusa. Msimamizi akaniuliza, kwa upole kabisa: "Ukiondoka wewe, nani atasoma?" Hakukuwa na mtu, na aliyehakikisha hakuna mtu ni mimi. Mwaka wa pili nikaomba tena, jibu lile lile.

Ndipo nikaenda stoo. Nikamwambia yule mwenzangu yote. Alikaa muda mrefu bila ya kunena, akiyapanga maboksi yake. Halafu akauliza, "Dakika ngapi?" Nikamwambia thalathini. Akaiandika kiganjani kwa kalamu ya wino. Tukamwomba msimamizi amrudishe maabara, na kwa miezi sita nikamfundisha yeye na msichana mmoja aliyekuwa akifagia, ambaye alikuwa na jicho kuliko sisi sote. Mwaka 2006 nikapanda meli Mkoani, na maabara haikufungwa hata siku moja. Yule msichana leo ana shahada. Na nafasi ya kudumu iliyonipata mimi baadaye, aliyenipigia simu kunambia imetangazwa ni yule wa stoo.

Nikwambie na mtu mwengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walikuwa Pemba wakijaribu vidonge vya madini ya chuma na zinki kwa watoto wadogo. Mgeni mmoja wa siku zile alinisimulia habari za Vivien Thomas, mtu mweusi aliyefanya kazi maabara kwao Baltimore. Alikulia Nashville, baba yake seremala, naye akajifunza useremala. Akiba yake ya kwenda chuo ikapotea mabenki yalipoanguka mwaka 1930, udaktari hakuusoma. Mwaka huo huo alikuwa ameshaingia maabara ya daktari Alfred Blalock, huko huko Nashville, na baadaye wakahamia Baltimore pamoja. Wakatafuta namna ya kuunga mshipa kwa watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo, wale ambao midomo na kucha zao zinageuka buluu. Thomas ndiye aliyeifanya ile kazi kwa mbwa mara nyingi mpaka ikakaa sawa. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama juu ya kistuli nyuma ya bega lake akimwelekeza. Madaktari vijana wakajifunza kupasua kwake, wakatawanyika nchi nzima, baadhi yao wakawa wakuu wa idara za upasuaji. Na hao hao ndio waliotaka sura yake ichorwe itundikwe pale hospitali, mwaka 1971.

seremala_mwembeladu

Mama, umenigusa, kwa kuwa mimi randa ndiyo riziki yangu na karakana yangu imetoa vijana sita. Lakini sema na upande wa pili. Huyo Thomas alilipwa? Maana kufundisha watu wakapanda na wewe ukabaki chini, hiyo nayo ni dhulma, na huku kwetu inafanyika sana. Binti akifundisha bure mpaka lini?

mama_wawi

Ndugu yangu, umeuliza panapouma. Hakulipwa anavyostahiki. Alipokuwa bado Nashville aligundua kuwa kwenye makaratasi ya mshahara ameandikwa kama mfagizi, na huku anafanya kazi ya utafiti. Baltimore nako alifika kumwambia Blalock kuwa ataondoka arudi kwenye useremala, kwa sababu mshahara haulei familia. Ndipo akaongezwa. Shahada ya heshima akapewa mwaka 1976, zaidi ya miaka thalathini baada ya kile kistuli.

Kwa hiyo binti, sikwambii fundisha ukae kimya. Mimi yule mzee wangu alinifunza miaka yote ile na hakuna karatasi hata moja iliyotaja jina lake. Wewe fungua daftari. Tarehe, umemfunza nini, mmelinganisha slaidi ngapi, ngapi mmekubaliana. Kila mwisho wa wiki bosi asaini, na mwisho wa mafunzo omba barua inayosema wewe ndiye uliyemsimamia, nakala iingie kwenye jalada lako. Siku ya usaili kijana atasema anajua kusoma slaidi. Wewe utasema unajua kusoma, na aliyemfunza huyu ni wewe, na daftari hili hapa. Sikuahidi kuwa utaipata nafasi, hilo halimo mikononi mwangu. Lakini utaingia mle chumbani una kitu ambacho yeye hana.

Na ile slaidi moja aliyokosea, usiiache. Kaeni nayo nyote wawili muijue ilimpotea vipi.

malindi_kwetu

Hilo la barua sikulifanya mimi. Miaka yote ile, wala sikufikiria.

binti_utaani

Nimesoma yote nikiwa kwenye daladala, nimepitilizwa kituo. Mama, shukrani. Ile slaidi nimeitoa leo. Vijidudu vilikuwa vichache sana, na yeye aliacha kusoma mapema, hakufikisha idadi ya sehemu za kuangalia. Nilikuwa sijamwambia idadi. Nilidhani nimesahau, lakini sasa sina hakika kama nilisahau.

Kesho tunapokea mikojo ya wanafunzi, ile ya kati ya saa nne na saa nane, mayai yanapotoka kwa wingi. Nitamwacha achuje yeye, mililita kumi kumi, na mimi nikae pembeni. Daftari nimenunua Darajani.

Samahani mama, nataka kuuliza. Yule wa stoo, mlisameheana?

mama_wawi

Alisema yamepita. Arusi ya bintiye, Chake Chake, mimi nilikuwa miongoni mwa wapishi.