Aktiki inapashwa joto haraka, mbona dhoruba za latitudo za kati hazilegei?

Mvuke_Ngara
Wadau, nisaidieni. Dhoruba za latitudo za kati, zile zinazopiga Uingereza, hupata nguvu kutokana na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia, kwa hiyo tofauti imepungua. Mbona basi tunaonywa zitazidi ukali? Na mafuriko yetu ya Nairobi ya 2024 yanaingia hapo?

Kipimamvua
Tofauti inapungua chini, karibu na ardhi. Ukipanda kilomita 10 hivi mambo yanageuka: hewa ya tropiki inapata joto kuliko ya ncha, na tofauti inapanuka. Nguvu hizo mbili zinavutana, ndiyo maana idadi ya dhoruba haitarajiwi kubadilika sana. Katika kizio cha kusini njia za dhoruba zimesogea kuelekea ncha (tundu la ozoni nalo lilichangia, tusiisingizie hewa ukaa peke yake).

Pasipo na ubishi ni mvua. Kila nyuzi 1 ya joto huongeza uwezo wa hewa kubeba mvuke kwa asilimia 7 hivi. Nyuzi 2 ni 1.07 × 1.07, yaani asilimia 14. Mvuke huo ukigeuka matone huachia joto fiche (lile lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke), hewa inapanda kwa kasi zaidi na mgandamizo wa hewa katika kitovu cha dhoruba unashuka. Desemba 2015, dhoruba Desmond ilimwaga milimita 341.4 kwa saa 24 pale Honister, Uingereza. Hiyo ni kama theluthi ya mvua ya Nairobi ya mwaka mzima. Pwani nako, bahari ilipanda sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, basi hata upepo uleule wa zamani unasukuma maji mbali zaidi.

Nairobi haimo. Tuko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha kuzungusha dhoruba. Yale yalikuwa masika.

Hektopaskali
Ukitaka kuhesabu dhoruba mwenyewe, chukua mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari wa kila saa 6, kuanzia 1979. Ukirudi nyuma zaidi, data za setilaiti zinakosekana na dhoruba za bahari ya kusini "zinaongezeka" kwa sababu tu zimeanza kuonekana. Ondoa maeneo yaliyo juu ya mita 1,500, maana huko mgandamizo ni wa kukisia na huzaa vitovu bandia. Dhoruba ya kulipuka, yaani inayokua ghafla, ni ile ambayo mgandamizo wa kitovu chake unashuka hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 24 kwa saa 24, lakini kipimo hicho ni cha latitudo 60. Kwingine zidisha 24 kwa sini ya latitudo, ugawe kwa sini ya 60.

Mvuke_Ngara
Kwa hiyo latitudo 45 ni 19.6? Nilikuwa natumia 24 kila mahali.

Hektopaskali
Ndiyo, 19.6. Rudia hesabu, nyingi za kusini ya 60 ulizitupa bure.

Kipimamvua
Za upande wa ikweta, unamaanisha. Karibu na ncha ni kinyume: kipimo kinapita 24, hivyo umeingiza zisizostahili.

Hektopaskali
Naam, ndivyo.