Re: Uzito wa magurudumu: tyubu, TPU au tyublesi?

Kutoka: Sheffield

Ndugu zangu, habari za huko. Nataka kubadilisha magurudumu ya baiskeli kabla ya kiangazi. Kwenye Snake Pass, barabara ya mlimani karibu na hapa, wenzangu wananiacha kila tukipanda, na muuzaji ananishawishi nichukue ringi za kaboni na tairi za tyublesi, zile zisizotumia tyubu ndani, eti nyepesi mno. Kuna aliyepima?

Kutoka: Rotterdam

Kaka, kabla hujatoa pesa, jumlisha vyote vinavyoingia kwenye ringi, usiangalie tairi peke yake. Chukua tairi ya Continental GP5000 ya milimita 28. Ya kawaida ina gramu 240 hivi. Tia tyubu ya gramu 100, umefika 340. Ya tyublesi, S TR, ina 280 hivi. Ongeza mililita 30 za dawa ya pancha, valvu na utepe wa ringi, unafika kama 320. Basi umeokoa gramu 20 tu kila gurudumu! Ukibaki na tairi ya kawaida ukaweka tyubu ya TPU, ile ya plastiki nyembamba ya gramu 35, unapata 275.

Kwa magurudumu mawili hiyo TPU inakupunguzia gramu 130. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 90, mlima wa nusu saa utaokoa sekunde 3 hivi. Wanaosema uzito wa gurudumu huhesabiwa mara mbili wana haki pale unapoondoka kwenye taa. Ukipanda kwa mwendo uleule, gramu ni gramu popote ilipo.

Mimi natumia tyublesi na siiachi, lakini si kwa wepesi: kitundu cha kigae cha chupa kinajiziba huku unaendesha, na unaweza kupunguza upepo bila kuogopa tyubu kubanwa na ringi.

Muulize muuzaji kama hizo ringi zina mdomo wa ndani unaoshika tairi. Kama hazina, usijaze upepo kupita bar 5 (kipimo cha mgandamizo), na usivishe kabisa tairi isiyo ya tyublesi. Inaweza kuchomoka ukiwa kasi.

Kutoka: Leeds

Naongezea kuhusu TPU, kaka. Usiijaze upepo ikiwa nje ya tairi. Inavutika na hairudi. Kama breki zako zinabana ringi, soma boksi kwanza, maana baadhi haziruhusiwi kwa ajili ya joto la mteremko. Viraka vya kawaida haviishiki, nunua vyake.

Ukienda Snake Pass beba tyubu ya akiba.