Majaji waalikwa wanaharibu mashindano ya taifa ya muziki ya shule, na waandaaji wanajua

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Nafundisha kwaya ya shule na tumerudi juzi kutoka fainali za taifa. Sijaja kulilia kombe. Tumewahi kushindwa kihalali na nikasimama kuwapigia makofi walioshinda, maana walituzidi kweli. Safari hii shida yangu ni kile kiti cha jaji mwalikwa, ambacho kila mwaka anawekwa msanii maarufu, mtangazaji au mheshimiwa fulani.

Wa mwaka huu aliingia ukumbini kwaya nne zikiwa zimeshaimba. Kila mtu alimwona, kwa sababu shughuli ilisimamishwa ili apigwe picha. Matokeo yalipobandikwa, kwaya zote nne zina alama zake! Nikaenda kuuliza. Nikajibiwa kuwa alipewa muhtasari na majaji wenzake. Jamani, muhtasari wa wimbo? Mtu anapewaje muhtasari wa besi iliyoteleza nusu toni ubeti wa pili?

Sasa njooni kwenye fomu. Kila shule inapewa fomu tatu, moja ya kila jaji. Fomu za majaji wawili wa siku zote zimejaa hadi pembeni. Mmoja kaandika kwamba sauti ya pili ilishuka pale wimbo ulipobadilisha ufunguo, kwamba irabu za sauti ya kwanza zinabanwa zikipanda juu, na kwamba tunavuta pumzi katikati ya neno. Yameniuma, lakini ni kweli tupu, na tumeshaanza kuyafanyia kazi. Fomu ya mwalikwa imeandikwa "Vizuri, ongezeni bidii." Basi. Usahihi wa sauti, mdundo, matamshi, uwiano wa sauti, ufasiri, visanduku vyote vitupu. Chini kabisa kuna 70 na saini. Hizo 30 zimekatwa wapi? Watoto wameniuliza na sina jibu la kuwapa.

Najua kuna watakaosema jaji mmoja kati ya watatu hawezi kupindua matokeo. Chukueni kalamu. Majaji waliozoea kazi hii hawatawanyi alama. Kwaya za fainali wataziweka kati ya 77 na 86 hivi, kwa sababu wanajua tofauti zake ni ndogo. Mwalikwa hajui kiwango, anatoka 60 hadi 95 anavyojisikia. Sasa tuseme kwaya ya kwanza ina 84 na 83 kwa majaji wawili, mwalikwa akaipa 70. Jumla 237. Kwaya ya pili ina 79 na 78, mwalikwa akaipa 95. Jumla 252. Majaji wote wawili wanaosoma noti wameona kwaya ya kwanza ni bora kwa pointi 5, halafu inashindwa kwa pointi 15. Kwa hiyo mwalikwa hana theluthi ya uamuzi. Anao wote.

Dawa ya hili inajulikana miaka mingi. Unageuza alama za kila jaji kuwa nafasi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo unajumlisha nafasi. Au unaweka majaji watano, unatupa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Haihitaji fedha. Inahitaji mtu mwenye karatasi na nia.

Na hao watoto waliotangulia kuimba walikuwa tayari na mzigo. Mwaka 1996 wachumi wawili, Flôres na Ginsburgh, walichapisha uchambuzi wa matokeo ya mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth ya Ubelgiji, ambako zamu za kupiga hupangwa kwa bahati nasibu. Waliopangiwa siku ya mwanzo walielekea kushika nafasi za chini kuliko waliofuata. Hayo ni majopo ya wanamuziki wakubwa wanaokaa kitini wakisikiliza. Je, jopo ambalo mmoja wao bado yuko njiani?

Kuna na jambo la macho. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alionyesha kuwa watu walioangalia video za fainali za muziki bila sauti yoyote waliwatambua washindi vizuri kuliko waliosikiliza sauti peke yake. Hata wanamuziki wenyewe walinaswa. Sasa kama sikio lililofundishwa linaweza kuburuzwa na jicho, asiyefundishwa atashikilia nini? Atashikilia sare mpya, tabasamu na kucheza. Ndiyo maana shule zenye uwezo zimeacha kuhangaika na solfa, yaani kusoma noti za do-re-mi, zinashonesha mavazi. Nilimtazama mwalikwa wetu wakati kwaya moja imefika sehemu ya kushusha sauti, ile ambayo ukumbi mzima unashika pumzi ili mwimbaji pekee asikike. Binti anaimba, macho yako kwa kiongozi wake. Mwalikwa kainamia simu, mwanga wa kioo unammulika kidevu. Watoto wa safu ya mbele walikuwa wanamwona.

Sipingi umaarufu, tuelewane. Mpiga piano maarufu Martha Argerich alishinda mashindano ya piano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1965, na mwaka 1980 alikuwa jaji huko huko. Mshiriki mmoja, Ivo Pogorelich, alipokatwa asiingie fainali, Argerich alijiondoa kwenye jopo kwa kupinga. Kubalini au msikubali na alichofanya, lakini alikuwepo, alisikiliza, alikuwa na msimamo na akausimamia mbele ya watu. Mashindano hayo hayo hayamruhusu jaji kumpa alama mwanafunzi wake, na ya 2015 na 2021 yalichapisha alama za kila jaji kwa jina. Sisi tunapewa jumla tu kwenye ubao, ukiuliza zaidi unaitwa mkorofi.

Mkitaka mgeni wa kupendezesha sherehe, mpeni nafasi ya kukabidhi vikombe, aimbe na watoto, awasimulie alivyoanza. Watafurahi sana na hakuna atakayeumia. Mkitaka awe jaji, basi akae na wenzake kabla ya siku, wasikilize rekodi moja wote, walinganishe alama mpaka waelewane. Aingie kabla ya kwaya ya kwanza na atoke baada ya ya mwisho. Atangaze kama ana mtoto, ndugu au biashara na shule yoyote. Ajaze kila kisanduku. Asipojaza, alama zake zifutwe, awe nani awe nani.

Walimu mliokuwepo, msinyamaze kwa kuogopa kutoalikwa mwakani. Pigeni picha fomu zenu, futeni jina la shule, ziwekeni hapa, tuone ngapi zimeandikwa "ongezeni bidii" na jumla peke yake. Waandaaji, rufaa yetu iko mezani kwenu tangu siku ile ya matokeo. Tunataka alama za mwalikwa kwa kwaya nne za mwanzo ziondolewe, na hesabu ipigwe upya kwa shule zote.