Nimpandishe farasi wangu kwa damu ya mbali au nibaki kwa thorobredi?

Mfugaji_Molo

Wadau habari za jioni. Nauliza wale mnaojua farasi, hasa mliowahi kukaa kwa mazizi ya kuzalisha. Niko na farasi jike, thorobredi (ile aina ya farasi wa mbio), alikuwa anakimbia Ngong akastaafu bila jina kubwa lakini pia bila kuumia, miguu yake safi mpaka leo. Tukamfundisha kuruka, binti yangu ndiye anampanda, mita 1.10 anaruka bila wasiwasi na roho yake sijaona, hakatai kizuizi. Kasoro zake nazijua: mgongo mrefu kidogo, makalio hayana nguvu ya kutosha, na akiwa juu ya kizuizi miguu ya mbele inaning'inia badala ya kukunjwa. Anaingia miaka 11 sasa, hajawahi kuzaa, nataka mtoto mmoja au wawili wa kuruka juu zaidi yake.

Shida ni washauri wamekuwa wengi. Jirani mmoja anasema nitafute dume thorobredi hapa hapa tumalize. Mwingine anasema niagize mbegu ya farasi wa Holstein kutoka Ujerumani maana ati damu zikiwa mbali mtoto lazima atoke bora kuliko wazazi wote wawili. Halafu jana nikachukua karatasi ya ukoo wake nikaona Northern Dancer yuko upande wa baba na yuko tena upande wa mama, nikashtuka. Kwani damu ya mbali ndiyo dawa kweli? Na mbali ni mbali kiasi gani? Nisaidieni kabla sijalipa mtu.

saisi_wa_Kildare

Salamu kutoka Ireland mkuu, huku ni mvua na matope tu.

Kwanza Northern Dancer asikunyime usingizi. Alizaliwa Kanada 1961, akachukua Kentucky Derby 1964, halafu watoto wake kina Sadler's Wells, Danzig na Nureyev wakasambaa dunia nzima, kumpata thorobredi wa leo ambaye hana huyo mzee kwa karatasi ni kazi. Frankel mwenyewe anaye mara mbili, kizazi cha 3 kwa baba na cha 4 kwa mama, na alikimbia mara 14 akashinda zote 14.

Sasa hiyo Holstein, jirani yako anaiona mbali lakini ukifungua karatasi si mbali hivyo. Wale Wajerumani zamani walikuwa na farasi wazito wa kuvuta magari na kulima, vita ilipoisha na trekta zikaingia wakabaki na farasi wasio na kazi, ikabidi wawageuze kuwa wa michezo. Walifanyaje? Walileta thorobredi. Ladykiller, dume wa Kiingereza aliyezaliwa 1961, ndiye baba wa Landgraf na Lord, na kutoka hapo ukatokea ukoo mzima wa majina ya L. Halafu 1971 wakamchukua Cor de la Bryère kutoka Ufaransa, baba yake Rantzau naye ni thorobredi, ndio wakatoka kina C wengi unaowaona kwa mashindano. Landgraf alisifika kwa nguvu, Cor de la Bryère kwa mtindo, ile ya kukunja miguu na kuzungusha mgongo juu ya kizuizi. Wakapandisha mabinti wa huyu kwa watoto wa yule, wakarudia. Casall, yule aliyekuwa anapandwa na Msweden Rolf-Göran Bengtsson, ni hivyo hivyo: baba yake ni ukoo wa Cor de la Bryère, mama ni binti wa Lavall ambaye ni mtoto wa Landgraf.

Angalia basi kilichofanyika pale. Hawakusema "leta chochote kilicho mbali". Walikuwa na majike wenye mifupa na nguvu lakini wazito, wakatafuta wepesi. Wewe uko upande wa pili wa huo mto, jike wako ndiye mwepesi na mwenye roho, unatafuta makalio na mtindo. Kwa hivyo ukienda Holstein usichague dume mwenye thorobredi nyingi karibu karibu kwa karatasi yake, utajikuta umelipa nauli ya ndege kuleta kitu ulichonacho zizini. Na uliza hivi: huyu dume ameshapandishwa kwa majike thorobredi, na watoto wao wakoje? Dume anaweza kuwa moto kwa majike wazito wa kwao na kwa thorobredi akatoa watoto wa kawaida tu.

Mzee_wa_Reli

Nyinyi vijana mnapenda sana vya kuagiza. Mimi nimekaa na farasi wa mbio tangu nywele zikiwa nyeusi na nawaambia habari ya mbali na karibu ni porojo za wauzaji. Mnamjua Enable? Alishinda Arc, zile mbio kubwa za Ufaransa, 2017 akarudia 2018. Sadler's Wells ni babu wa baba yake, na huyo huyo Sadler's Wells ndiye baba mzazi wa mama yake. Karibu kiasi hicho! Danehill naye, dume aliyezaa mabingwa Australia na Ulaya, Natalma, yule mama wa Northern Dancer, yuko kwake kizazi cha tatu pande zote mbili. Dume mzuri ni dume mzuri, jike mzuri ni jike mzuri. Mpandishe kwa thorobredi mwenye makalio makubwa, mtoto akikosa kuruka basi atakimbia. Ukichanganya na hao wa Ulaya hutampeleka Ngong kamwe, na hata ukitumia thorobredi lakini kwa mrija bado hatasajiliwa kukimbia, sheria ya thorobredi ni dume apande mwenyewe.

saisi_wa_Kildare

Mzee shikamoo. Enable sawa, lakini unataja walioshinda, wale waliozalishwa karibu hivyo wakabaki kwa malisho hakuna anayewakumbuka. Na hao hao wakubwa wa mbio ndio wameanza kukimbilia mbali. Coolmore, wazalishaji wakubwa wa huku Ireland, walikuwa wamejaa mabinti wa dume wao Galileo mpaka hawana wa kuwapandishia nyumbani, wakawapeleka mpaka Japani kwa Deep Impact ambaye ni mtoto wa Sunday Silence, damu ambayo Ulaya haikuwa nayo sana. Wakapata Saxon Warrior, akashinda mbio za 2000 Guineas mwaka 2018, na Auguste Rodin akashinda Derby ya Epsom 2023. Mwaka uliofuata Derby ikaenda kwa City of Troy, baba yake Justify wa Marekani, mama binti wa Galileo tena. Na hapo pia ukirudi nyuma vya kutosha, Deep Impact na Justify wote wanaye Northern Dancer, ila amesukumwa mbali. Hao matajiri hawakuwa wanatafuta wageni kabisa, walikuwa wanatafuta nafasi ya kupumua.

Mzee_wa_Reli

Marahaba. Hapo kwa Japani sikupingi.

daktari_wa_punda

Niongeze kidogo upande wa kisayansi maana naona watu wanachanganya vitu viwili.

Kuna ile nguvu ya chotara, mnaijua kwa ng'ombe: Frizi ukimpandisha kwa Sahiwal yule mtoto wa kwanza anavumilia jua, kupe, na maziwa anatoa. Kwa farasi ipo pia. Lakini inaonekana zaidi kwa mambo kama uzazi, afya, mtoto kuishi, kudumu. Uwezo wa kuruka wenyewe hauongezeki kwa sababu tu damu ziko mbali, huo unarithiwa kutoka kwa baba na mama, ukipandisha mruka vibaya kwa mruka vibaya wa nchi nyingine unapata mruka vibaya mwenye afya njema. Upande wa kudumu ushahidi upo, wale wa University College Dublin walipima jeni za thorobredi zaidi ya 6,000 wakachapisha 2022, wakakuta kila undugu wa wazazi ukipanda kwa asilimia 10, uwezekano wa farasi kufika hata mbio moja unashuka kwa asilimia 7. Kwa hivyo Mzee mabingwa wako ni wa kweli na hizo hesabu pia ni za kweli.

Pili, na hili ndilo watu hawaulizi: huyo mtoto wa kwanza akiwa jike, utampandisha kwa nani? Chotara wa kwanza mara nyingi wanatoka wanafanana fanana na wazuri. Ukipandisha chotara kwa chotara, kizazi cha pili kinatawanyika, mmoja anachukua kichwa cha huku na miguu ya kule, mwingine kinyume, huwezi kutabiri. Amua mapema kama utarudi upande wa Holstein au upande wa thorobredi, na ushikilie.

Tatu, usiagize mbegu bila kuuliza matokeo ya kipimo cha WFFS. Ni ugonjwa wa ngozi na viungo, mtoto anazaliwa ngozi inachanika kama karatasi, haponi. Mzazi mmoja tu akibeba hakuna shida, wakibeba wote wawili ni mtoto 1 kati ya 4. Kwa farasi wa michezo wa Ulaya wabebaji wako wengi kiasi, na hata kwa thorobredi wachache imeonekana. Jike wako anapimwa kwa nywele za shingo zenye mizizi, basi.

kijana_Usa_River

Mi naomba kuuliza wakuu, maana nilisoma habari za Jappeloup yule wa Ufaransa, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988 na Pierre Durand, nasikia baba yake alikuwa farasi wa mbio za mkokoteni na mama ana damu ya thorobredi, halafu kafarasi kenyewe kafupi, sentimita 158 tu. Sasa si hiyo ndo damu ya mbali yenyewe? Wale wa kutrot hakuna mtu anawazalisha kwa ajili ya kuruka.

saisi_wa_Kildare

Ni kweli kabisa, na ndiyo maana anasimuliwa mpaka leo. Lakini alikuwa amehasiwa, hakuacha mtoto. Angeachwa mzima watu wangempelekea majike foleni, na sijui wangepata nini, maana farasi wa namna ile hajirudii kwa sababu nyuma yake hakuna ukoo unaosukuma upande mmoja. Kumpanda sawa, kumzalisha ni bahati nasibu.

Na huku nilipo kuna kisa kingine. Farasi wa kazi wa Ireland, yule mzito mtulivu, ukimpandisha kwa thorobredi unapata mwindaji na mrukaji mzuri sana, dunia nzima ilikuja kununua. Kila mwenye jike safi wa kazi akampeleka kwa thorobredi kwa sababu chotara ndiye mwenye bei. Wakasahau kuzalisha majike safi wa kutosha, sasa wale safi wamepungua mpaka wanahesabiwa kati ya aina zilizo hatarini. Yaani chotara ni mzuri mradi kuna mtu mahali anaendelea kutunza damu mbili zilizo safi.

Mfugaji_Molo

Asanteni sana, nimesoma yote na mke wangu naye amesoma (ndiye mwenye hela). Naona naelekea Holstein, dume wa ukoo wa Cor de la Bryère kwa ajili ya hiyo miguu ya mbele na mwenye makalio, asiye na thorobredi kwa vizazi vya karibu, na mtoto akiwa jike nitarudi Holstein tena. Mzee nisamehe, za Ngong nimeachia wengine. Sasa nisaidieni kwa vitendo, mbegu iliyogandishwa inafanya kazi kweli hapa kwetu?

daktari_wa_punda

Inafanya, lakini si kama kwa ng'ombe ambapo jamaa anakuja na pikipiki na mtungi anamaliza dakika kumi. Farasi lazima apigwe ultrasound, na yai likikaribia kushuka mnaangalia kila baada ya saa sita hivi usiku na mchana, maana mbegu iliyogandishwa ikishayeyuka maisha yake ni mafupi. Mtungi wa naitrojeni uwe umejaa, na kibali cha kuingiza mbegu ukiombe mapema kwa idara ya mifugo, usingoje mzigo ukiwa Embakasi.

Kinachonipa wasiwasi hapa ni umri, wala si damu. Miaka 11 na hajawahi kuzaa, majike wa hivyo mara nyingi mlango wa kizazi haufunguki vizuri na maji yanabaki ndani baada ya kupandishwa, na mbegu iliyogandishwa ndiyo inayowasumbua zaidi. Kwa hivyo kabla hujatuma shilingi Ujerumani mwite daktari amwangalie kizazi, achukue sampuli, apime. Akisema kuna shida, tafuta dume chotara wa Ulaya aliye hapa hapa nchini apande mwenyewe, utapoteza kidogo kwa ukoo lakini utapata mimba.

Na chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika mchome sasa kabla hajapandishwa. Ile ni ya virusi hai, hatutaki kumchoma mimba ikiwa changa.

Mfugaji_Molo

Daktari wa kumpima kizazi nitampata Nakuru au mpaka Nairobi?

daktari_wa_punda

Niandikie inbox nikuelekeze. Na mletee karatasi ya ukoo na tarehe za joto lake, kama binti ameziandika.