Judo: mtupo ufuate umbo la mchezaji, au mchezaji aufuate mtupo kwanza?

Mleta mada: Wakuu, makocha wengi humfundisha kila mtu ippon seoi nage (kumbeba mpinzani mgongoni na kumrusha mbele) kwa namna ile ile, awe kibeti au mlingoti. Napinga. Mrefu akikutana na mfupi, ili mkanda wake ushuke chini ya mkanda wa mpinzani itabidi achuchumae mpaka mapaja yaishiwe nguvu. Matokeo yake anainama kiunoni badala ya kukunja magoti, uzito wote unalalia pingili za mgongo, na mpinzani anajikalisha nyuma na kumtia kabali. Apewe uchi mata na osoto gari (kufyeka mguu wa mpinzani kwa nyuma aangukie mgongo) tangu mwezi wa kwanza wa mafunzo. Teddy Riner, bingwa wa Ufaransa wa uzito wa juu, ana mita 2.04, na jina lake hakulijenga kwa kubeba watu mgongoni.

Kocha wa watoto: Ndugu yangu, mwezi wa kwanza? Uchi mata unasimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukifagia juu katikati ya mapaja ya mwenzako. Asiye na mizani hutanguliza kichwa kwenye mkeka, na kwenye mashindano kupiga mbizi kwa kichwa hivyo unatolewa papo hapo, achilia mbali shingo.

Halafu tutenganishe mambo. Mshiko na hatua za kuingia ni mali yako, badilisha utakavyo. Kumyumbisha mpinzani hakubadiliki. Kwenye seoi nage ya kulia, mkono wa kushoto unavuta mkono wa koti lake mbele na juu, kama mtu anayetazama saa, mpaka visigino vyake viache mkeka. Ndipo unageuka. Ukigeuka kabla, umempa mgongo bure. Asiyejua kuvuta hivyo atafagia hewa hata kwenye huo uchi mata.

Dada wa mkanda wa kahawia: Nakubaliana na Kocha kuhusu kuvuta, lakini Mleta mada ana hoja ambayo ameitetea vibaya. Tazameni Toshihiko Koga, dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona 1992, kilo 71. Seoi nage yake ilikuwa ya kusimama, miguu imetanuka, haifanani na ile ya miguu miwili kukaa sambamba ndani ya miguu ya mpinzani. Mwaka 1990 alifika fainali ya ubingwa wa Japani usiogawanywa kwa uzito, akashindwa na Naoya Ogawa, mtu wa uzito wa juu kabisa. Kwa hiyo hata ndani ya mtupo mmoja kuna nafasi ya kurekebisha. Si lazima mrefu aukimbie.

Na wafupi nao wasamehewe? Wengi wanaangukia magoti mawili kwa kishindo kwa sababu ni njia ya mkato. Magoti yanachakaa, na mpinzani akisimama wima hawana tena miguu ya kumsukumia.

Mleta mada: Sawa, mwezi wa kwanza nimeuondoa. Tuseme baada ya miezi sita.

Mzee wa mkeka: Wanangu, kumbukeni sheria nazo hubadilika. Kushika miguu kulibanwa 2010, na 2013 kukafungwa kabisa. Waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya morote gari (kunyakua miguu yote miwili) walibaki mikono mitupu. Waliojua kata guruma (kumbeba mpinzani mabegani) kwa undani waliachia paja, wakautupa ule ule kwa kuvuta mkono wa koti na kujishusha chini ya mpinzani. Kwa hiyo umbo lako likupe mtupo mmoja unaoupenda, lakini uwe na wa pili wa upande tofauti: wa kwanza ukiwa wa mbele, wa pili uwe wa nyuma, kama ouchi gari (kufyeka mguu wake kwa ndani). Mpinzani akijikalisha kukataa seoi nage, tayari amekupa huo.

Dada wa mkanda wa kahawia: Shikamoo Mzee. Hapo sina neno. Swali langu kwa Kocha limebaki: siku ya mtihani wa mkanda, mrefu akionyesha seoi nage ya miguu iliyotanuka, mpinzani akayumba vizuri na kuanguka mgongo mzima, utamkata alama?

Kocha wa watoto: Mkanda wa njano, wa wanaoanza, ndiyo. Kahawia, unaotangulia mweusi, hapana.