Mchawi Mweupe wa Narnia: Tilda Swinton aliutendea haki uhusika?

Mleta mada (Mbeya mjini):
Wakuu, heshima kwenu. Ubishi huu ulianzia kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) hapa Mwanjelwa na umegoma kuisha, nimeona niulete kwa wadau wengi zaidi. Muvi ni ile ya kwanza ya Narnia, ya Desemba 2005, mwongozaji Andrew Adamson, kutoka kitabu cha C.S. Lewis cha mwaka 1950. Kwa ambao hawajaiona: watoto wanne wa Kiingereza, wakati wa vita kuu ya pili, wanaingia kwenye kabati la nguo na kutokea nchi iliyokaa kwenye theluji miaka mia moja. Aliyeifungia nchi hiyo kwenye baridi ni Jadis, Mchawi Mweupe, anayejiita malkia. Nafasi hiyo alipewa Tilda Swinton. Vijana wa kibandani wanasema ndiye aliyeiharibu muvi: hafoki, hacheki kwa kishindo, hana kucha ndefu, hatishi.

Mimi nasema alipatia kupita kiasi. Swinton alimcheza mtawala, na sisi tulikaa pale tukimsubiri mganga wa kienyeji.

Rudieni sini anayokutana na Edmund, mmoja wa wale watoto wanne. Anaanza kwa ukali, mbilikimo wake kamwekea mtoto kisu. Akishajua kwamba huyu ni binadamu na ana ndugu zake, anageuka hapohapo. Sauti inashuka, anamkaribisha kwenye kijigari chake cha kuteleza kwenye theluji, anamfunika manyoya, anampa kinywaji cha moto na peremende. Macho lakini yamebaki yaleyale. Mdomo unabembeleza, macho yanahesabu vichwa. Huyu mama ana mbwamwitu wanaofanya kazi ya polisi wa siri, ana miti inayompelekea umbea, ana ua limejaa watu aliowageuza mawe. Mtu mwenye vyote hivyo afoke ili iweje?

Sisi tumezoeshwa na Bongo muvi na zile za Nigeria kwamba mchawi ni bibi kizee, macho mekundu, kajifunga kaniki. Akija aliyenyooka mgongo na taji kichwani tunasema hajavaa uhusika.

Mdau wa Makambako:
Mkuu umeandika vizuri, ila unatetea usingizi. Adui ni adui. Steringi anapata sifa kwa sababu ya ukubwa wa adui wake. Sini ya vita, mama amejivika manyoya ya Aslan, yule simba mkombozi wa Narnia, aliyemuua mwenyewe, gari linavutwa na dubu weupe, anapigana kwa mapanga mawili, halafu uso ni wa mtu anayesubiri basi stendi! Hata jasho hamna.

Mleta mada:
Ndugu yangu, uliiangalia kwa sauti yake au iliyotafsiriwa?

Mdau wa Makambako:
Iliyotafsiriwa. Kwani vipi?

Mleta mada:
Basi hujamsikia Swinton hata dakika moja. Na hata sisi wa Mwanjelwa ilikuwa hivyohivyo, mimi nikaitafuta baadaye yenye sauti halisi. Kuna sini ya gerezani: Bwana Tumnus, yule nusu mtu nusu mbuzi, amefungwa minyororo, na Edmund yuko palepale. Malkia anamwambia Tumnus kwamba aliyemsaliti ni mtoto huyu, tena kwa ajili ya peremende tu. Swinton anaisema taratibu, kama anatoa taarifa, na ndiyo maana inauma. Mtafsiri wetu pale kibandani aliunguruma "leo mtanitambuaaa" juu ya sauti yake, watu wakapiga makofi. Simlaumu, ile ni sanaa yake na inauza tiketi. Lakini tusimhukumu mwigizaji kwa sauti ya mtu mwingine. Uso umetulia, sauti inanguruma, lazima muone haviendani.

Mwalimu (Iringa):
Kamwene. Naomba niingie upande wa kitabu, maana kuna wanaosema Swinton hafanani na alivyoandikwa. Ni kweli hafanani kila kitu. Lewis alimpa taji la dhahabu na mdomo mwekundu sana kwenye uso mweupe kama theluji. Kwenye muvi mdomo umepauka, nywele za rangi ya nyasi kavu zimesokotwa, na taji ni la barafu. Tena taji hilo, mtu akiliangalia kwa makini, linapungua kadiri majira yanavyobadilika. Mwanzoni ni refu na lina ncha, simba akikaribia linayeyuka, na vitani hana taji la barafu tena. Mabadiliko hayo nayaunga mkono, kwa sababu yamempa mwigizaji kitu cha kupoteza bila kusema neno.

Ulinganisho mzuri ni tamthilia ya BBC ya 1988, ambapo nafasi hiyo aliicheza Barbara Kellerman. Yeye alipaza sauti karibu kila sini. Vijana wa Mwanjelwa wangempenda. Mimi alinichosha mapema sana, kwa sababu akishapiga kelele mara ya tatu hana pa kupanda tena.

Na kuhusu kuchaguliwa: Swinton alitoka kwenye filamu ndogo za kisanii, zile za mwongozaji Derek Jarman, na Orlando ya 1992 ambamo anaishi karne kadhaa, kwanza mwanaume kisha mwanamke. Mtu wa namna hiyo uso wake hauna umri. Jadis anahitaji hicho hasa. Tuzo ya Oscar alikuja kuipata 2008 kwa filamu nyingine kabisa, Michael Clayton.

Dada wa Tukuyu:
Ugonile nyote. Mleta mada, hoja yako ya bibi kizee nimeipenda, ila umeikimbia haraka. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Njombe hapo, mwanzoni mwa 2019, watoto waliuawa na imani za kishirikina zikatajwa. Kwa hiyo tunapojadili nani "anafanana na mchawi", tuwe makini. Mimi nampa Swinton maksi kwa sababu hakuna bibi yeyote wa kijijini kwetu atakayenyooshewa kidole kwa kufanana naye. Lakini nina swali: kwa nini mwenye nguvu akiwa mwanamke hadithi inamfanya muovu, na mkombozi anakuwa dume lenye manyoya?

Mdau wa Makambako:
Dada hayo muulize Lewis, mwigizaji kapewa karatasi akacheza.

Dada wa Tukuyu:
Kaka, karatasi hiyohiyo Kellerman kaicheza vingine na Swinton vingine. Kwa hiyo mwigizaji ana la kujibu. Na kwa maoni yangu Swinton amejibu: hatongozi, hachezi na urembo, hana wivu wa mwanamke mwingine kama malkia wengi wa hadithi hizi. Anataka kiti. Ungemwondoa ukaweka mfalme, sini zote zingebaki vilevile.

Mkulima wa viazi (Makete):
Nimesoma yote. Nyie wa Mbeya na Iringa mnaongelea uso, mimi naongelea baridi. Huku Juni na Julai sakitu ikipiga, unaamka majani ya viazi yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto, na hujasikia kelele yoyote usiku. Adui wa namna hiyo namfahamu. Kwa hilo nipo na mleta mada.

Ila hao watoto wengine! Wanne wanatembea juu ya barafu, makoti mabegani, wanapiga stori kama wanaenda mnadani. Baridi ya miaka mia moja na hakuna aliyeng'ata meno. Swinton peke yake ndiye aliyecheza kama anaijua hiyo nchi.

Mdau wa Makambako:
Hapo kwenye watoto nakubali. Kwenye mama bado. Naitafuta yenye sauti yake, nikimaliza narudi kubisha vizuri.